Kumtembelea Mfungwa si Kushiriki Kosa Lake



Gereza Kuu la Arusha liko Kisongo, magharibi ya mji, upande wa barabara iendayo Dodoma. Mama atokaye Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, hana budi kushuka hadi Usa River, apite mjini, ndipo aelekee Kisongo. Nauli ya safari hiyo si ndogo kwa mtu aishiye kwa kuuza nyanya. Akifika langoni akaambiwa kwamba siku ya kuonana ilikuwa jana, hurudi na kapu lake. Na mwezi ujao haji.

Siku na saa za kuonana hupangwa na uongozi wa gereza. Aliyehukumiwa ana utaratibu wake, na mahabusu, ambaye mbele ya sheria bado hana hatia, ana wake. Kanuni za kimataifa humruhusu hata kununuliwa chakula kutoka nje, mradi usalama wa gereza usivurugike. Mambo haya yafaa yaulizwe kabla ya safari. Hapo ndipo mwalimu wa kijijini na mtendaji wa kata wanapohitajika, kwani mtu aliyezoea lugha ya ofisini aweza kupata kwa dakika tano jibu ambalo jirani yake angelifuata kutwa nzima.

Mgeni naye ana wajibu. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inahesabu kuwa ni kosa kuingiza gerezani kitu kilichokatazwa, na wengi huponzwa na huruma tu: noti iliyofichwa ndani ya mkate, tumbaku kwenye pindo la shati. Atapekuliwa, na ni lazima akubali. Lakini Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 17, 2015, zinasema upekuzi huo usimdhalilishe mgeni, na kwamba mtoto asipekuliwe ndani ya maungo yake. Zinasema pia kwamba kumnyima mfungwa mawasiliano na jamaa zake kusitumiwe kuwa adhabu. Wakili huzungumza na mteja wake askari akiwaona, bali asiwasikie.

Jina la kanuni hizo si geni Arusha. Chuo cha Tengeru kinalo, na mwenye jina mwenyewe alikuwa msuluhishi wa Warundi mjini hapa hadi mkataba ulipotiwa saini Agosti 28, 2000. Mtu huyo, alipoanza kifungo cha maisha kisiwani Robben mwaka 1964, aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila miezi sita.

Zaidi ya hayo, wakuu wa magereza wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini walikutana Arusha Februari 1999 wakatoa azimio juu ya uendeshaji bora wa magereza, wakiahidi kulinda haki na utu wa wafungwa. Na katika eneo la gereza hilohilo la Kisongo, tangu mwaka 1996, Umoja wa Mataifa uliwaweka watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hao nao, pamoja na uzito wa mashtaka yao, walikuwa na haki ya kutembelewa na jamaa zao. Itakuwaje basi aliyeiba mkungu wa ndizi akose mtu wa kumjulia hali?

Mara nyingi kizuizi si lango, ni aibu. Mtunza fedha akifungwa kwa upotevu wa fedha za ofisi, wenzake waliokula pilau ya arusi yake huisahau ghafula njia ya Kisongo, kana kwamba jina la mgeni likiandikwa kitabuni langoni huandikwa pia katika hukumu. Mkewe huachwa abebe peke yake.

Watoto wa wafungwa nao wamo madarasani, Sakina, Poli na Akheri. Mmoja wao akiomba ruhusa ya siku moja akamwone baba yake, mwalimu ampe, bila kumuuliza sababu mbele ya wenzake.