Nyoka wa Shaba na Maji ya Chupani

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka B (Yn 3:14-21)



Katika Injili ya Dominika ya leo Bwana wetu anazungumza usiku na Nikodemo, mwalimu wa Israeli, na kumkumbusha yule nyoka ambaye Musa alimwinua jangwani. Habari yenyewe imo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Watu walinung'unika, nyoka wenye sumu wakawauma, wengi wakafa. Ndipo Mungu akamwagiza Musa atengeneze sanamu ya nyoka na kuiweka juu ya mti, na kila aliyeumwa akaitazama, akapona. Musa akaitengeneza kwa shaba. Tuzingatie kwamba aliyeagiza ni Mungu mwenyewe. Sanamu ile haikuletwa na mganga, wala haikununuliwa kwa mchuuzi.

Wengi wetu tunaujua mwanzo huo, lakini mwisho wa nyoka yule hatuusomi mara nyingi. Umo katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, aya ya 4. Karne nyingi baada ya Musa, mfalme Hezekia wa Yuda alikuta sanamu ile ingali ipo, na watu wakiifukizia uvumba. Ilikuwa imepewa hata jina, Nehushtani, ambalo kwa masikio ya Kiebrania lasikika kama nyoka na pia kama shaba. Mfalme akaivunja vipande vipande. Kitu kilichofanywa na Musa kwa amri ya Mungu, akakivunja! Na Maandiko hayamlaumu hata kidogo. Yanamhesabu miongoni mwa wafalme waliotenda mema mbele za Bwana.

Tumeanza na Hezekia kwa sababu ya swali tuliloletewa na waamini. Siku hizi zinauzwa, madukani mijini na kwa njia ya intaneti, chupa za maji za shaba zilizopambwa kwa alama za kiroho. Moja ina ua la yungiyungi, nyingine ina herufi takatifu ya Wahindu itamkwayo Om, nyingine ina duara saba zinazosemwa kuwa vituo vya nguvu mwilini, nyingine ina msalaba. Wauzaji wengine husema kwamba maji yaliyolala humo huondoa kisukari, hushusha presha, na hufukuza mikosi nyumbani. Je, Mkristo aweza kunywa maji hayo?

Tuanze na shaba, maana nayo ni kiumbe cha Mungu, yafaa itendewe haki. Kuweka maji katika chombo cha shaba ni desturi ya kale sana ya India. Mahujaji huko huchukua maji ya mto Ganges kurudi nayo nyumbani, mara nyingi katika vyombo vidogo vya shaba vilivyozibwa. Desturi hiyo haikukosa akili. Mwaka 2012 watafiti wa Bangalore walichapisha matokeo ya jaribio lao: walitia katika maji vijidudu vya kuharisha, vikiwamo vya kipindupindu, wakayaacha maji hayo katika vyungu vya shaba kwa saa 16. Walipoyapima, vijidudu hai havikupatikana tena. Shaba huyeyuka kidogo kidogo katika maji, na kile kidogo huvidhuru vijidudu. Lakini kikizidi humdhuru mtu pia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na ndiyo maana maji ya ndimu au ya ukwaju hayafai kuwekwa humo, kwa kuwa uchachu huyeyusha shaba nyingi na kuleta kichefuchefu na kutapika.

Basi, kazi hiyo shaba huifanya kwa tabia yake. Huifanya katika chupa yenye Om, huifanya katika chupa yenye msalaba, huifanya katika sufuria ya shaba isiyo na mchoro wowote. Mchoro hauongezi kitu katika maji. Tena, kuua vijidudu majini ni jambo moja, na kuponya kisukari ni jambo jingine kabisa.

Wako waliotushauri tuzihukumu chupa hizi kuwa ni vyombo vya shetani. Hatutafanya hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliwataja Wahindu kwa heshima, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Herufi ile ni sala ya majirani zetu. Tunaloliona baya ni mfanyabiashara kuichukua sala ya watu, kuigonga katika bati la shaba kama pambo, na kumwuzia mtu asiyeisali, kwa ahadi ambayo Mhindu mcha Mungu mwenyewe hakuitoa. Na anayegonga msalaba kwa nia ile ile hana nafuu.

Wala tusidhani kwamba sisi tu safi. Kati ya karne ya 5 na ya 7, mahujaji Wakristo waliofika kwenye kaburi la Mtakatifu Mena huko Misri, hapa hapa katika bara letu, walirudi na vichupa vya udongo vyenye sura ya mtakatifu amesimama kati ya ngamia wawili. Vichupa hivyo vimefukuliwa mpaka Ulaya. Na huko Lourdes, Ufaransa, mahujaji hujaza maji ya chemchemi katika chupa zenye umbo la Bikira Maria, taji lake la buluu likiwa ndicho kizibo. Mwaka 1858 mtaalamu wa kemia wa Toulouse aitwaye Filhol aliyapima maji yale, akasema ni maji ya kawaida ya kunywa, hayana dawa ndani yake. Kanisa halikufadhaika, na Bernadeta mwenyewe alifundisha kwamba pasipo imani maji yale hayafai kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inaita ushirikina hata kuzitegemea sala na ishara zetu wenyewe kwa tendo lake la nje tu, bila moyo unaotakiwa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza. Mama mmoja alituletea chupa yake ili tuibariki. Bei aliyoilipa ingetosha kununua vidonge vya presha vya mumewe kwa miezi miwili, na mzee yule alikuwa na wiki ya tatu hajameza kidonge, akingoja maji ya shaba yamponye. Hapo uvumba wa Nehushtani umekwisha kuwashwa, ndugu zangu, hata kama juu ya chupa pangekuwa na sura ya Mwokozi. Tulimwambia kwanza ampeleke mumewe zahanati siku ile ile. Kuhusu chupa, tulimwambia: kama moyoni mwako ni chombo tu, nywea maji, mama. Kama huwezi kulala usiku isipokuwa imekaa kando ya kitanda, fanya alivyofanya Hezekia. Mzee alipimwa, akarudishiwa dawa zake.

Makatekista, mnao wakatekumeni watakaobatizwa wiki tatu zijazo, katika Mkesha wa Pasaka. Waelezeni mapema maana ya maji yatakayobarikiwa usiku ule, kwamba yanatukumbusha ubatizo na kutuelekeza kwa Yule aliyeinuliwa msalabani. Waamini watakaotaka kuchukua maji nyumbani walete chombo chochote kilicho safi: dumu, galoni, chupa ya soda iliyooshwa vizuri. Hakuna chombo kitakachopata baraka zaidi ya kingine. Na wale wenye mazoea ya kunywesha wagonjwa maji ya baraka, wachemshe kwanza maji wanayokuja nayo kanisani, hasa majira haya ya mvua, kwa maana baraka haikuwekwa ili kuua vijidudu.

Tumsifu Yesu Kristo.