Nguzo Kabla ya Kiwanja

Mtu ajengaye nyumba yake taratibu, kadiri riziki inavyomjia, aghalabu huhesabu saruji, mabati na ujira wa fundi, akaghafilika na umeme hata siku ya kuhamia. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa umeme ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, mjini ilipandishwa tena hadi shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ikazidi 500,000 palipohitajika nguzo moja, ilhali vijijini ilikuwa 27,000. Na gharama ya kutandaza nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba. Basi anunuaye kiwanja, ambaye dalali humsifia upepo na mandhari pasipo kuitaja nguzo, naona ni wajibu aupime umbali wa kiwanja hadi nguzo kabla ya kutoa arubuni.