Mkakati wa Ushindani katika Biashara: Mfano wa Soko la Umeme la Goma

Mkakati wa ushindani ni uamuzi wa kampuni juu ya mteja itakayemhudumia, njia ya kumhudumia ambayo wengine hawataiiga upesi, na yale itakayoyaacha. Mwaka 1980 Michael Porter wa Harvard alitaja njia kuu tatu: kuzalisha kwa gharama ndogo kuliko wote, kutoa kitu cha pekee, au kujikita katika kundi moja la wanunuzi. Kushusha bei peke yake si mkakati. Mshindani naye hushusha, na wote hubaki bila faida.

Mjini Goma, SNEL, kampuni ya serikali, ilitegemewa kwa miaka mingi, na umeme wake ukitoka mbali, mto Ruzizi karibu na Bukavu. Sheria ya Juni 2014 iliwafungulia mlango wawekezaji binafsi. Virunga Energies, iliyozaliwa na hifadhi ya Virunga, ilizindua mwishoni mwa 2015 kituo cha Matebe huko Rutshuru, chenye megawati zaidi ya 13. Kituo cha umeme wa maji kama hicho hugharimu sana kukijenga na kidogo kukiendesha, kwa hiyo kila mteja mpya hupunguza gharama ya kila uniti. Ndiyo maana kwenye kituo chake kingine huko Luviro, ambako wanunuzi walikuwa bado wachache, umeme wa ziada uliendesha kompyuta za kuzalisha bitcoin.

Kampuni ya Nuru ilichagua njia nyingine. Ilianza Beni mwaka 2017 kwa kituo kidogo cha jua. Mwaka 2020 ikafungua kingine cha megawati 1.3 Ndosho, mjini Goma, ndani ya mtaa wenyewe, bila kuhitaji laini ndefu. Mwaka 2023 ilipata mtaji wa dola zaidi ya milioni 40.

Hata hivyo, mpinzani mkubwa wa kampuni hizi si kampuni nyingine. Ni jenereta, tochi na gunia la makaa. Kinyozi anayenunua petroli lita moja moja kwa ajili ya jenereta yake hawezi kulipa ankara kubwa mwisho wa mwezi. Mita ya kulipia kabla humruhusu kununua umeme kidogo kidogo, na hapo namna ya kulipa huvuta mteja kuliko bei. Makaa ni jambo zito zaidi: sehemu kubwa ya miti yake hukatwa katika msitu wa Virunga, hivyo kila jiko la umeme hupunguza soko la biashara inayoimaliza hifadhi.

Mapigano ya Januari 2025 yalikata laini za Virunga, na pampu za maji ya mji zikasimama. Laini moja ndefu ni udhaifu ambao hakuna bei nafuu inayoufidia. Hospitali na hoteli hukubali kulipa zaidi kwa muuzaji mwenye vituo mahali tofauti au betri karibu na mteja, kwa kuwa saa chache za giza huwagharimu kuliko tofauti ya bei.