SIMU INAYOITA BILA KUSIKIKA

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Igoma)



Nimeombwa niseme jambo litakalowafaa vijana wa sayansi, nami nimechagua jambo lililotutia fitina nyumbani.

Mama yangu anakaa hapa Igoma. Mdogo wangu yuko ng'ambo. Tulimwekea mama simu ya mezani inayopita kwenye intaneti. Kila Jumapili ililia vizuri, lakini akiinua mkono wa simu hasikii kitu. Baada ya majuma kadhaa akasema, "Mwanangu ananipigia ili aninyamazie." Akaamini kijana amenuna kwa ajili ya mgogoro wa kiwanja. Kibaya zaidi, mdogo wangu alikuwa akisikia kila neno la lawama, na majibu yake hayafiki. Mimi nikalaumu simu, nikanunua nyingine. Hali ikawa ile ile.

Ndugu zangu, tuliolala mabwenini tunakumbuka kuwa barua zote zilikuja kwa sanduku moja la posta la shule. Karani ndiye aliyejua ya nani iende bweni gani. Ruta ya nyumbani ni karani huyo. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia nzima. Mwaka 2017 AFRINIC, shirika linalozigawa Afrika, lilianza kugawa zilizosalia kwa kipimo. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja ya nje, na vyombo vya ndani hupewa namba za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, zilizotengwa kwa kazi hiyo mwaka 1994.

Sasa, mwanafunzi akiandika ndani ya barua, "Nijibu Bweni B, kitanda 12," karani akaandika juu ya bahasha sanduku la shule, jibu litakwenda wapi? Hakuna posta inayokijua kitanda 12. Ndivyo ilivyofanya simu ya mama. Mlio ulifika kwa sababu simu ilikuwa imejiandikisha kwa mtambo wa kati na njia hiyo ilikuwa wazi. Lakini sauti ina njia yake, na anwani ya kuipokea ilikuwa namba ya ndani. Sauti ya mama ilitoka. Ya mwanawe ilipotea.

Juu ya hayo yuko mlinzi wa geti, ambaye mafundi humwita fayawoli. Kanuni yake ni moja: aliyeandikiwa kwanza kutoka ndani anaruhusiwa kujibu, asiyeitwa anakataliwa. Tena mlinzi huyu ni msahaulifu. Mkikaa kimya kidogo, wakati mwingine hata nusu dakika, anafunga. Ndiyo maana simu hizi hutuma vipande vidogo kila mara kubisha hodi.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni STUN, iliyoandikwa mwaka 2003: simu humwuliza mtambo wa nje, "Wewe unaiona anwani yangu kuwa ipi?" kisha huandika hiyo. Ya pili ni TURN: pande zote mbili hupeleka sauti kwa mjumbe wa kati, naye huwafikishia. Hii hufaa pale kampuni ya simu nayo inapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, ila njia huwa ndefu na sauti inaweza kuchelewa. Ya tatu ni ICE, ambayo hujaribu njia zote na kuchagua inayopita. WhatsApp na wenzake hupita kwa mbinu za namna hii bila mtumiaji kujua.

Kwetu ilitosha kuweka STUN katika simu na kuzima ndani ya ruta kipengele kinachoitwa SIP ALG. Hicho ni karani anayefungua barua ili azisahihishe, na mara nyingi huziharibu. Fundi mmoja alinishauri nimwondoe mlinzi kabisa. Nilikataa, nanyi kataeni. Kuacha geti wazi usiku kucha kwa sababu ya mgeni mmoja si akili.

Jumapili iliyofuata mama alisikia, "Shikamoo, mama." Hakujibu upesi. Kisha akauliza, "Siku zote hizo ulikuwa unasema nini?" Mazungumzo yakachukua saa nzima, na habari ya kiwanja ilikuwa ya mwisho.

Ndugu Wanafunzi, someni fizikia na hesabu, na mkikuta chombo hakifanyi kazi, ulizeni kwanza kipande hiki kimetoka wapi, kinakwenda wapi, na nani yuko katikati. Mimi sikuuliza, nikapoteza fedha za simu ya pili, na mama akapoteza majuma mengi ya amani.