Telefone ya bure: nani analipa?



Ile meseji mnaijua: "Alika watu 5, jaribu huduma moja, upate telefone bure." Si mpya. Mwaka 2004 huko Marekani, Gratis Internet iliahidi iPod kwa njia hiyo, na wengine walizipata kweli. Waliolipa ni wenye matangazo: kila mtu aliyejaribu huduma kwa kadi yake ya benki aliingizia kampuni pesa. Mwaka 2006 ikashitakiwa New York kwa kuuza anwani za mamilioni ya watu.

Sasa, nani Pinga ao Nyabiondo ana kadi ya benki? Kama hakuna mwenye matangazo wa kulipa, basi wanatafuta nini kwetu?

Sisi tulijaribu. Tulimaliza mega kualika wenzetu. Kisha wakaomba dola 5 za kusafirisha telefone, halafu nambari ya siri ya pesa ya simu. Mmoja wetu alituma. Ilienda.

Na tupige hesabu: mmoja aalike 5, kila mmoja wao 5. Ngazi ya 12 inahitaji watu zaidi ya milioni 240. Inchi yetu nzima haiwafikishi!

Tena wanatuambia "bure" sisi, watu wa koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie. Haya.

Nambari ya siri haitumwi, hata kwa rafiki. Na kama ulialika mwenzako, mupigie leo, umwambie asiendelee. Sisi tumeshaanza kuwapigia wetu.