Nguzo za Mti: Urefu na Unene Wake



Wengi wetu twaweka akiba kidogo kidogo katika mshahara, tupate kujenga nyumba kwetu kabla ya siku ya kustaafu. Twahesabu bati na misumari; lakini nguzo twamwachia fundi azichague kwa macho. Twataka kuonyesha ya kuwa nguzo nayo ina hesabu yake, wala si ngumu.

Nguzo fupi nene hushindwa kwa kupondeka. Nguzo ndefu nyembamba haingoji kupondeka. Hupinda ubavuni, kisha huvunjika. Mwenye kutaka kuona na atwae ufito mrefu, ausimamishe chini, aukandamize kwa kiganja: utapinda upesi. Kisha aukate kipande cha shubiri moja, akikandamize vile vile: hakipindi. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni urefu.

Mwanachuoni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1744. Urefu wa nguzo nyembamba ukizidi mara mbili, mzigo wa kuipinda hupungua hata ukawa robo.

Jambo la pili ni unene. Tutwae nguzo mbili za futi 8, yaani inchi 96: moja ya inchi 4 kwa 4, ya pili ubao wa inchi 2 kwa 8. Mti uliomo ni sawasawa. Lakini ubao hupinda kwa upande wake mwembamba, na nguvu yake ya kukataa kupinda ni robo tu ya ile ya nguzo ya mraba.

Basi tugawanye urefu kwa upande mwembamba. Nguzo ya mraba yatoa 24, ubao watoa 48. Kanuni za wajenzi wa Marekani hukataza kupita 50 kwa nguzo ya mti mmoja katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Nayo si shabaha, ni ukingo wa shimo. Nguzo ikishikwa imara katikati pande zote, urefu wa kuhesabiwa ni nusu.

Tena mti mbichi ni dhaifu kuliko mkavu, na mguu uliofukiwa udongoni huoza na kuliwa na mchwa. Heri ukae juu ya jiwe.

Wenzetu, bati likivuja huzibwa. Nguzo ikishindwa, paa huwaangukia watoto waliolala. Tusitoe fedha ya mbao kabla ya kupima.