Jokofu Linalounguruma: Haki ya Mlaji na Wajibu wa Duka la Ushirika

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Yapo malalamiko ambayo katibu wa chama huyapokea kwa kicheko, na hilo ndilo kosa la kwanza. Mwanachama akileta habari kwamba mbolea aliyouziwa imechanganywa na mchanga, halmashauri nzima hukunja uso. Akisema kwamba jokofu lake jipya linapiga kelele, huambiwa ashukuru, maana wenzake hawana hata hilo la kelele. Lakini fedha iliyonunua jokofu imetoka shambani kama ile iliyonunua mbolea.

Na uchukuliwe mfano wa mkulima wa kahawa aliyengoja malipo ya pili, kisha akaenda mjini kununua jokofu ili mkewe auze maziwa na barafu. Nyumba ina vyumba viwili, na jokofu likawekwa katika chumba wanacholala watoto kwa kuwa hapakuwa na pengine. Usiku wa kwanza lilivuma. Usiku wa tatu likaanza kugonga kama debe tupu juu ya lori, na mtoto wa darasa la saba akahamia kulala jikoni. Mkulima aliporudi dukani, mwenye duka alimwuliza neno moja tu: "Linapoza?" Akajibu kwamba linapoza. "Basi ni zima."

Je, ni zima? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, haikuishia kwenye kupoza. Inasema kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo yake kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo lazima iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo huhesabiwa kuwamo katika mapatano hata kama hapana aliyelitamka. Jokofu jipya linalogonga usiku kucha, wakati mengine ya aina ile ile hayagongi, ni vigumu kulitetea kwamba lina ubora huo.

Lipo na sharti la pili, ambalo wanunuzi wengi hulipoteza kwa kufunga midomo yao. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya kwa bidhaa, na akategemea ujuzi wake katika kuchagua, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini anayeingia dukani na kutaja jina la kampuni tu, kwa sababu jirani analo la namna hiyo, amejichagulia mwenyewe, na sharti hili la pili huweza kumponyoka. Mkulima yule angesema mbele ya shahidi, "Nataka jokofu la kuwekwa chumba cha kulala," na maneno hayo yakaandikwa kwenye risiti, hoja yake ingekuwa na miguu miwili badala ya mmoja.

Hata hivyo, mwenye duka naye asidhulumiwe. Si kila mlio ni ubovu. Kompresa huvuma inapofanya kazi na kunyamaza inapopumzika. Gesi hububujika ndani ya mabomba. Plastiki hulia ikitanuka na kusinyaa kwa joto na baridi. Jokofu lililosimamishwa juu ya sakafu isiyo sawa, au lililosukumwa hadi likagusa ukuta, litatikisika na kunguruma, na dawa yake ni kurekebisha miguu yake na kuliacha lipate nafasi nyuma. Lililosafirishwa likiwa limelazwa huenda mafuta ya kompresa yakawa yametiririka kwenye mabomba. Yafaa lisimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. (Wanaonunua majokofu ya mitumba watazame kibandiko cha nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 hupunguza mwendo ikitumia umeme huu na huweza kupata joto kupita kiasi.) Mlio wa kugonga, wa kusaga au wa chuma kukwaruza chuma, usiokoma baada ya hayo yote kufanywa, ndio wa kulalamikiwa.

Majokofu mengine hufika yakiwa na karatasi ya nchi za Ulaya inayoonyesha matumizi ya umeme. Karatasi hiyo inaonyesha pia kelele kwa desibeli, na tangu mwaka 2021 imeongezwa daraja la kelele kuanzia A hadi D: A ni chini ya 30, na D ni 42 au zaidi. Tofauti hiyo isidharauliwe, kwa kuwa ongezeko la desibeli 10 husikika masikioni karibu kama kelele maradufu. Jokofu lenye karatasi ya namna hii likivuma kuliko ilivyoandikwa, mnunuzi ana ushahidi mkononi. Na muuzaji aliyeapa kwamba jokofu "halisikiki kabisa" akumbuke kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya walaji.

Linalowaangusha wengi ni siku. Mnunuzi anayo nafasi ya kuikagua bidhaa, lakini akikaa nayo muda kupita kiasi bila kusema kwamba anaikataa, huhesabiwa kuwa ameipokea. Hapo haki ya kuirudisha na kudai fedha yake humtoka, naye hubaki na dai la fidia tu. Sheria haikutaja idadi ya siku. Inasema muda wa kiasi. Kwa hiyo anayevumilia miezi minne akitumaini kwamba mlio utazoea nyumba anajiumiza mwenyewe. Wala si lazima alibebe jokofu mgongoni hadi mjini: inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amelikataa. Neno la mdomo ni taarifa, lakini barua haikanushiki.

Lipo tena lile tangazo la ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Latosha kumzuia mtu aliyebadili mawazo, au aliyependa rangi nyeupe na sasa anataka nyekundu. Halitoshi kumfukuza mwenye bidhaa mbovu. Kadhalika waranti ya kiwanda ni ahadi inayoongezwa juu ya sheria, na mwenye duka asiitumie kama mlango wa kutokea kwa kumwambia mnunuzi akatafute kiwanda ng'ambo. Aliyepokea fedha ndiye aliyeuza.

Hapo ndipo neno linapowageukia makatibu wenyewe, kwa sababu chama kinachoendesha duka nacho ni muuzaji. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844 kwa unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine, walijijengea jina kwa chakula kisichoghushiwa na mizani isiyopunja. Ni aibu kuona tangazo la "hairudishwi" limebandikwa katika duka la ushirika, tena karibu na picha ya mikono iliyoshikana. Meneja wa duka aliwashe kila jokofu mbele ya mnunuzi na kuliacha lifanye kazi kwa muda, redio ikiwa imezimwa. Jambo hili humlinda hata yeye, kwani aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha.

Katibu anapomsaidia mwanachama, barua iwe fupi: tarehe ya kununua, namba ya risiti, namba ya jokofu iliyo kwenye kibandiko, siku mlio ulipoanza, saa unaposikika, yaliyofanywa kuurekebisha, na linalotakiwa, yaani kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Risiti iwe ile ya mashine ya kielektroniki. Simu za mkononi siku hizi hunasa sauti. Mlio unaswe usiku, nyumba ikiwa kimya, jokofu likiwa limesimama sawasawa. Barua ipelekwe kwa mkono, na anayeipokea aweke sahihi juu ya nakala. Muuzaji akinyamaza, nakala hiyo yenye sahihi iambatishwe kwenye malalamiko yatakayopelekwa Tume ya Ushindani, na nakala nyingine ibaki katika jalada la chama.